Doti ya Kuepulia: Zawadi ya Kitambaa Ambayo Mtoto Atamshonea Mama kwa Mkono Wake

Kila ikikaribia Jumapili ya pili ya Mei, ambayo ndiyo Siku ya Mama, na tena zikikaribia Idi, watoto huanza kupita kwenye kibaraza changu cha cherehani hapa Ngamiani, Tanga. "Shikamoo fundi, una vipande?" Nikiuliza vya nini, wanageuka kwanza kuangalia kama mama yao hapiti. Baada yao huja baba, shangazi, dada mkubwa, hata walimu, wote na maswali yaleyale. Mtoto aanze na kitu gani? Kitambaa kipi? Wa miaka saba ataweza kushika sindano kweli? Na mbona tulichoshona mwaka jana kimefumuka kabla ya wiki? Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, sasa naandika.

Naandika kwa ajili yako wewe mtu mzima utakayekaa na mtoto. Kazi yako ni kupima, kushika pasi, kukata panapohitaji mkasi mkali na kuhesabu sindano. Kushona ni kwake. Ukimnyang'anya kitambaa ili mshono unyooke, zawadi imekuwa yako, na mama ataijua mara moja, maana mkono wa mtoto haufichiki. Na nikisema mama, namaanisha pia bibi, shangazi au mama mkubwa anayemlea mtoto huyo.

Zawadi ninayowafundisha wote kwanza ni vitambaa viwili vya kuepulia sufuria. Viwili, si kimoja. Mifano mingi ya kigeni inaonyesha mraba mmoja mnene, kwa sababu imekusudiwa sufuria yenye mkono. Sufuria zetu hazina mkono, zina ukingo tu pande zote, na mtu huziepua kwa mikono miwili. Mraba mmoja utamwachia mama mkono mmoja unaoungua. Kwa hiyo tunashona doti, kama kanga yenyewe inavyouzwa. Mama wengi ninaowajua huepua kwa ncha ya kanga waliyojifunga, juu ya mkaa unaowaka. Mimi hilo huniogopesha kila ninapoliona, na ndiyo maana zawadi hii naipa nafasi ya kwanza mbele ya maua ya kitambaa na vipochi.

Vitu vya kuandaa

Kwa doti moja unahitaji:

- Kanga kuukuu ya pamba tupu, au mabaki ya kitenge cha pamba, ya kutosha miraba 4 ya sentimita 20 kwa 20.
- Taulo kuukuu la pamba, la kutosha miraba 4 ya sentimita 18 kwa 18.
- Kanda 2 za kanga hiyohiyo, kila moja sentimita 12 kwa 4, za kutengenezea vitanzi.
- Uzi wa pamba wa rangi inayoachana na kitambaa, ili mtoto auone mshono wake.
- Sindano 2 za mkono zenye tundu kubwa, na pini kama 10 zenye vichwa vya rangi.
- Subana, ambayo wengine huiita kastabini, ya kuvaa kidoleni.
- Mkasi wa nguo kwa ajili yako, na mdogo wa ncha butu kwa ajili yake.
- Rula, penseli, kadibodi, na chaki ya fundi. Kama huna chaki, kipande chembamba cha sabuni kavu huandika vizuri na huondoka kikifuliwa.
- Pasi.
- Kikopo chenye mfuniko cha kuwekea sindano, na sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha kabisa, na itakuokoa siku sindano itakapoanguka kwenye mkeka.

Kitambaa usinunue. Pita kwa mafundi wa Ngamiani, kwenye barabara zile za namba, uombe mabaki. Kila fundi ana mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye magauni, na wengi watakupa bure ukisema ni vya mtoto. Hela yako weka kwenye uzi mzuri na sindano.

Kitambaa gani, na kwa nini nasisitiza pamba

Hapa usipapite haraka. Miaka ya nyuma, nilipokuwa bado sijajua, nilimsaidia mtoto wa dada yangu kushona kitambaa cha kuepulia nikakijaza sponji. Kilikuwa kizuri, laini, kimetuna. Siku ya tatu mama yake aliepua nacho sufuria ya wali. Sponji iliyeyuka, ikashikana na ukingo wa sufuria na vidole vyake viwili. Alama zipo mpaka leo. Tangu siku hiyo, kitambaa chochote kinachokwenda jikoni nakipima kwanza.

Kupima ni rahisi, ila ni kazi ya mtu mzima peke yake, mtoto akiwa mbali. Kata uzi mchache kutoka kwenye kitambaa, ushike kwa koleo, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani ya udongo. Pamba huungua kama karatasi, harufu yake ni ya karatasi, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanasambaratika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa inaacha kijidonge kigumu cheusi. Ukiona kijidonge, kitambaa hicho kiweke kando kwa kazi nyingine. Siku hizi kanga na vitenge vingi vina poliesta ndani yake, hata vile ambavyo muuzaji ameapa ni pamba. Ukibahatika kupata kanga ya zamani ya kiwanda cha Urafiki iliyolainika kwa kufuliwa, hiyo ni hazina.

Ndani tumia taulo la pamba tu. Usitumie sponji, wala blanketi la manyoya, wala pamba ya sufi. Sufi ni nzuri kwa mito, lakini hushika moto upesi mno.

Sasa kanga. Unajua ina pindo pembeni, mji katikati, na jina lake kwenye utepe wa chini. Watoto wote hutaka jina liwepo kwenye zawadi, nami nawaunga mkono, ila fahamu kwamba sentimita 20 hazitoshi sentensi nzima. Ukiwa na kanga ya NANI KAMA MAMA na ukakata bila kupima, utapata mraba umeandikwa ANI KAM. Tafuta neno moja, liweke katikati, na hakikisha herufi za pembeni ziko ndani ya ukingo wa kukatia kwa sentimita 2 au zaidi. Neno MAMA mara nyingi linaenea. Na usome jina lote kabla ya kukata. Kanga nyingi zina mafumbo ya kumrushia jirani, na hutaki mtoto ampelekee mama yake HASIDI HANA SABABU. Kama jina halifai, liache, kata ua zuri la kwenye mji.

Onyo moja kuhusu kanga: muulize mtoto ameitoa wapi. Aliwahi kunijia kijana wa miaka minane na miraba yake tayari, ameikata vizuri kwa rula, kutoka kwenye mji wa doti mpya ambayo mama yake alikuwa anaitunza kwa ajili ya harusi. Alichukua ile nzuri kuliko zote kwa sababu alitaka zawadi iwe nzuri kuliko zote. Tulikaa naye kimya kwa muda. Kitambaa tulikishona, na siku ya kukitoa nilikwenda naye nyumbani kwao kumsemea. Lakini wewe angalia mapema.

Hatua za kazi

1. Fua, anika, piga pasi. Kanga mpya ina wanga na huruka, yaani hupungua ukubwa, ikifuliwa mara ya kwanza. Ukiishona kabla haijaruka, mraba utajikunja siku mama atakapoufua, kwa sababu taulo kuukuu la ndani limesharuka zamani. Nyekundu na nyeusi huchuja, zifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Mwezi Mei huku kwetu ni masika, nguo inaweza kulala kambani siku mbili na bado ina unyevu, kwa hiyo fua wiki nzima kabla.

2. Tengeneza vipimo viwili vya kadibodi: kimoja cha sentimita 20 kwa 20, cha pili 18 kwa 18. Kama huna rula, shubiri ya mtu mzima inakaribia sana 20, ila tumia shubiri ya mtu mmoja kwa kazi yote. Kona ndizo muhimu. Zipime kwa kona ya daftari.

3. Chora na kata. Kabla ya kuchora, mwonyeshe mtoto jambo hili. Kata mdomo mdogo ukingoni mwa kanga, ushike uzi mmoja kwa ncha za kucha, uuvute taratibu. Kitambaa kitajikusanya, uzi utatoka, na utabaki mstari mwembamba uliopita kitambaa chote, umenyooka kuliko rula yoyote. Kata kwa kufuata mstari huo. Sijaona mtoto aliyeona hivyo mara moja asiombe kuvuta wa pili. Kazi nyingi zinazojikunja upande zimekatwa kwa kukisia, nyuzi zimekaa mshazari. Kata miraba 4 ya kanga, 4 ya taulo, na kanda 2.

4. Fanya mazoezi kwenye kipande cha kutupa. Uzi usizidi dhiraa moja ya mtoto mwenyewe, yaani kutoka kiwiko chake hadi ncha ya kidole cha kati. Mtoto hupenda uzi mrefu ili asitunge mara nyingi, na uzi mrefu ndio unaojifunga mafundo yote. Tunga, piga fundo mwishoni. Kwanza apige bandi: sindano izame na itoke, izame na itoke, kwa mstari uliochorwa. Akizoea, mfundishe kurudi nyuma. Sindano itoke mbele, irudi kuzama pale mshono uliotangulia ulipoishia, kisha itoke mbele tena. Mimi huwaambia "mbele mbili, nyuma moja," nao huimba hivyo wakishona. Mtoto wa miaka sita hadi minane bandi inamtosha, ukimwomba aifanye fupi kama punje ya mchele. Wa miaka tisa na kuendelea ashone kwa kurudi nyuma.

5. Shona vitanzi. Kunja pande mbili ndefu za ukanda zikutane katikati, kunja tena, piga pasi, mtoto apige bandi kwa urefu wote. Usiongeze urefu. Kitanzi kirefu huning'inia kwenye moto wa gesi au makaa, na hapo zawadi imegeuka hatari. Kwa sababu hiyohiyo, usiunganishe vitambaa viwili kwa utepe, ingawa utapendeza.

6. Weka taulo. Lalisha mraba mmoja wa kanga, ndani ikiangalia juu. Juu yake weka miraba 2 ya taulo, katikati kabisa, ili kanga ibaki sentimita 1 pande zote. Mtoto apige bandi kubwa kutoka kona hadi kona. Bandi hii ni ya muda, itafumuliwa. Tabaka mbili za taulo zinatosha. Watu wengi huweka nne wakidhani wanamlinda mama, kumbe ukingo wa sufuria ni mwembamba na kitambaa kinene hauwezi kukibana, sufuria inateleza.

7. Geuza, weka kitanzi, funika. Sasa kanga iwe juu, taulo chini. Kunja kitanzi katikati, kiweke kwenye kona moja, ncha zake zikilingana na ukingo, tumbo lake likiangalia katikati ya mraba. Juu yake lalisha mraba wa pili wa kanga, uso kwa uso. Kanga imechapwa ikapenya, pande zote mbili zinafanana, hivyo tumia jina kukuongoza: upande ambao herufi zinasomeka ndio uso. Bana kwa pini, vichwa vikiangalia nje.

8. Shona kuzunguka. Chora mstari sentimita 1 kutoka ukingoni pande zote nne. Weka alama ya nafasi itakayoachwa wazi katikati ya upande mmoja, upana wa vidole vinne vya mtoto, mbali na kona na mbali na kitanzi. Mtoto aanze kwenye alama moja, azunguke, aishie kwenye nyingine. Sindano itapita kanga tu, kwa sababu taulo liko ndani ya mstari, kwa hiyo vidole vyake havitachoka. Kwenye kitanzi ashone mara tatu. Hii ndiyo hatua ndefu. Igawe: pande mbili leo, mbili kesho. Mtoto akianza kuvuta uzi kwa hasira, weka kazi chini hata kama zimebaki sentimita tano.

9. Punguza kona, pindua. Kata pembe za kona kwa mshazari, bila kugusa mshono. Pindua kupitia ile nafasi, polepole, kona moja baada ya nyingine. Sukuma kona kwa mpini wa mwiko mdogo au penseli isiyochongwa. Mkasi usitumike kusukumia, utatoboa.

10. Ziba nafasi. Kunja kingo mbili ziingie ndani, bana kwa pini moja, mtoto ashone kwa kuzungusha uzi juu ya ukingo, mishono ikaribiane.

11. Shona katikati. Bila mishono ya katikati, taulo litajikusanya kona moja siku ya kwanza kufuliwa. Chora msalaba wa mshazari kutoka kona hadi kona, au mistari mitatu sambamba, mtoto apige bandi kupitia tabaka zote. Hapa ndipo subana inahitajika, maana sasa sindano inapita kanga mbili na taulo mbili. Asishone haraka. Sindano ichomwe wima, ivutwe kwa chini, irudi wima. Ukimaliza, fumua bandi ya muda.

12. Hesabu. Sindano mbili zilizotoka kikoponi zirudi mbili. Pini kumi zirudi kumi. Pitisha sumaku juu ya kitambaa pande zote, kisha ukibonyeze kwa kiganja chako mwenyewe. Sitoi zawadi kibarazani kwangu bila kufanya hivi.

Kisha rudia yote kwa kitambaa cha pili. Usishangae mtoto akitaka kufumua cha kwanza, kwa sababu cha pili daima hutoka kizuri zaidi. Mzuie. Viende vyote viwili kama vilivyo.

Kwa walio chini ya miaka sita

Mtoto mdogo asiyeweza kushika sindano naye ana nafasi yake. Badala ya kanga upande wa juu, kata mraba wa marekani, kile kitambaa cheupe kizito cha pamba. Mlalishe kiganja juu yake, vidole vimetanuliwa, uchore kwa penseli kuzunguka. Kaka au dada yake apige bandi juu ya mstari huo kwa uzi mwekundu, kabla ya hatua ya 6. Mwaka juzi nilichora kiganja cha mtoto wa miaka minne ambaye hakuacha kucheka kwa sababu penseli ilimtekenya kati ya vidole, mkono ukasogea, na kidole gumba kikatoka kinene kuliko vyote. Dada yake alitaka nirekebishe. Nilikataa, tukashona kama kilivyochorwa. Siku hiyo mdogo ndiye aliyevuta nyuzi za kukatia, ndiye aliyechagua kanga, ndiye aliyeshika sumaku. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa miaka minne.

Kama mama hapiki: kifuko cha karafuu

Mama mwingine hapiki, au jikoni kuna mtu mwingine. Kwake nashauri kifuko cha manukato cha kuweka kabatini kati ya kanga. Ni kazi ya saa moja tu, na hapa hata kitambaa chenye poliesta kinafaa.

Kata kipande cha sentimita 12 kwa 30. Kunja katikati, uso ndani, shona pande mbili ndefu, acha juu wazi. Pindua. Shona kifuko kingine kidogo cha marekani cha kuingia ndani yake, kwa sababu karafuu ina mafuta na yatatia doa nguo nyeupe yakikosa kizuizi. Jaza karafuu nzima kiganja kimoja, na vipande vya mdalasini. Vyote vinalimwa mkoani kwetu, huko Muheza na Amani, na sokoni utavipata bila shida. Usitumie unga wa karafuu, utavuja. Funga mdomo kwa uzi au utepe, fundo mbili.

Watoto watataka kutia asumini. Inawezekana kama imekauka kabisa kivulini mpaka ikawa inavunjika ukiifinya. Wakati wa masika haitakauka, itaoza ndani ya kifuko na kabati litanuka uvundo. Mei tumia karafuu na mdalasini tu, asumini iache kwa kikuba.

Mambo yanayoharibika, na dawa yake

Uzi unajifunga mafundo kila wakati. Ni mrefu. Rudi kwenye dhiraa. Kama bado, acha sindano ining'inie na uzi wake, izunguke yenyewe mpaka itulie, kisha endelea.

Mshono unafumuka. Mara nyingi mtoto alishona karibu mno na ukingo, nyuzi za kanga zikachambuka. Chora mstari mpya ndani zaidi kwa nusu sentimita, ashone tena juu yake. Zawadi itapungua kidogo, haina neno.

Kona zimekuwa mviringo. Ama hukukata pembe, ama ulikata ukaacha nyingi. Pindua tena ndani, punguza, sukuma. Kona isipokubali baada ya mara mbili, iache.

Mshono umekunja kitambaa kama kimekusanywa. Uzi umevutwa sana. Ukate sehemu mbili tatu, unyooshe, ashone kipande hicho upya. Mwambie uzi ulale juu ya kitambaa, usikinyonge.

Damu imedondoka. Itatokea, vidole vidogo huchomwa. Kwanza mshughulikie mtoto: osha kidole, bonyeza, mpumzishe. Kisha kitambaa: maji baridi na chumvi papo hapo, sugua taratibu. Maji ya moto hapana, yatalikausha doa likae milele.

Jina limekaa kichwa chini. Hutokea mtu akisahau kuangalia kitanzi kiko kona ipi. Fumua kitanzi tu, ukishone kwenye kona iliyo juu ya neno. Usifumue kila kitu.

Mtoto amechoka na kitambaa cha pili hakijaanza. Acha siku mbili. Asipotaka tena, mpe mwenzake ashone cha pili, ndugu au rafiki, wampelekee mama pamoja. Usikimalize wewe usiku akiwa amelala.

Kufunga na kukabidhi

Usinunue karatasi za kumetameta. Funga kwa kipande cha kanga kilichobaki, na uzi wa katani. Katani ni ya kwetu, ni imara, inapendeza kwa nje. Isiwe kitanzi cha zawadi yenyewe, nyuzi zake zinachoma mkono. Ficha kwa bibi au kwa jirani, maana nyumbani mama ataiona akifagia.

Mtoto amwambie mama mambo mawili siku ya kukabidhi, na umfundishe kuyasema kabla. La kwanza, afue kwa maji ya kawaida na sabuni, bila dawa ya kung'arishia, aanike juani. La pili ni zito zaidi: asiepue sufuria kitambaa kikiwa kimelowa, hata kidogo. Maji hupitisha joto upesi, na kitambaa kilichomkinga jana kitamuunguza leo. Ndiyo maana vina vitanzi. Piga msumari mmoja ukutani mbali na karo, mahali pakavu ambapo mkono wa mama unafika akiwa amesimama mbele ya jiko, vining'inizwe hapo vyote viwili.